Fahamu: Kucha huwa 'damu ya mzee' majani yakipukutika

Majira ya mapukutiko yakibisha hodi Ulaya na Marekani, rangi za kucha nazo hukolea: damu ya mzee, kahawia, kijani cha zeituni.

Kielelezo ni Rouge Noir ya Chanel, nyekundu inayokaribia weusi, iliyotoka mwaka 1994. Wamarekani waliijua kwa jina la Vamp.

Na mng'ao je? Rangi isiyong'aa huwa na chembechembe, mara nyingi za silika, zinazotawanya mwanga. Ya kumetameta hubeba vipande vya maika vinavyourudisha.

Rangi ya jeli hugandishwa kwa taa, ikisaidiwa na kemikali maalumu. Mojawapo, TPO, ilipigwa marufuku katika vipodozi vya Umoja wa Ulaya kuanzia Septemba 1, 2025, baada ya majaribio kwa wanyama kuibua hofu ya madhara ya uzazi. Rangi ya kawaida, inayojikaukia yenyewe hewani, haiihitaji.