Dakika Thelathini za Saa Janja

Saa janja humwahidi mnunuzi kwamba haitamkurupusha tena usingizini. Ukitega alamu ya saa kumi na mbili asubuhi, programu yake huanza kuvizia tangu saa kumi na moja na nusu, ikingoja dakika ambayo usingizi ni mwepesi ndipo ikutikise mkono. Wazo lenyewe si la kubeza. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90, na anayekatizwa katikati ya usingizi mzito huamka katika mang'amung'amu yanayoweza kudumu nusu saa au zaidi: macho yako wazi, akili bado iko kitandani.

Kasoro iko kwenye kipimo. Maabara hutambua hatua za usingizi kwa mawimbi ya ubongo, mwendo wa macho na mkazo wa misuli, kwa elektrodi zilizobandikwa kichwani na usoni. Saa ya mkononi huhisi mtikisiko, humulika ngozi kwa taa ya kijani ili kuhesabu mapigo ya moyo, kisha hukisia. Kujua kama mtu amelala inajitahidi, ingawa anayetazama dari kimya huweza kuhesabiwa amelala fofofo. Kutenganisha usingizi mzito na mwepesi ndiko inakokosea mara nyingi. Na hata ingepatia, sehemu kubwa ya usingizi mzito huisha katika theluthi ya kwanza ya usiku. Aliyelala vya kutosha, ikifika alfajiri, yumo zaidi katika usingizi mwepesi na ule wa ndoto, hivyo hana mengi ya kukwepa. Anayekutwa bado kazama ni yule aliyechelewa kulala au mwenye deni la siku kadhaa, na huyo ndiye saa inayempokonya hadi dakika 30 nyingine. Ni kama kumtibu mwenye njaa kwa kumpunguzia ugali.

Wapo watakaosema wanaamka vizuri tangu waanze kuivaa. Siwakatalii. Lakini mtu akianza kuhesabiwa usingizi wake, mara nyingi huanza pia kupanda kitandani mapema, na nafuu hiyo hawezi kuidai alamu. Faida ya kifaa naiona hapo, kikitumika kama daftari: tazama wastani wa wiki mbili, saa unayolala, saa unayoamka, na jinsi Jumamosi inavyopishana na Jumanne. Alama za usingizi ambazo saa hukupa kila asubuhi ziache. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walieleza wagonjwa waliohangaishwa na alama hizo hadi usingizi wenyewe ukaharibika, wakaiita hali hiyo othosomnia.

Mwili huzoea kuamka kwa saa isiyobadilika na kwa mwanga. Mkazi wa London, Desemba, husubiri jua hadi saa mbili asubuhi. Nairobi na Dar es Salaam hulipata karibu saa ileile mwaka mzima, na mwanga wa nje, hata siku ya mawingu, huushinda wa taa ya chumbani mara nyingi. Fungua dirisha, toka barazani.

Ila ukiwa unalala kwa muda wa saa 7 au 8 kila usiku na bado unaamka umechoka, hasa kama unaambiwa unakoroma na pumzi hukatika, usibadilishe saa. Nenda hospitali ukapimwe.