Mtoro, Mlinzi wa Sheria na Mpaka: Filamu ya Kaboi Ikitazamwa Kutoka Migori

Ni nadra kupata utanzu wa filamu ambao kanuni zake hujulikana mapema na hadhira kama filamu za kaboi. Hata kabla ya kuketi, mtazamaji anajua kwamba kutakuwa na farasi, bunduki, mji wenye vumbi, jambazi anayekimbia na mlinzi wa sheria anayemwinda. Asichokijua ni huruma yake itaegemea upande gani. Suala hilo linajitokeza wazi katika filamu ya Butch Cassidy and the Sundance Kid, iliyoongozwa na George Roy Hill mwaka 1969.

Wahusika wakuu wawili, walioigizwa na Paul Newman na Robert Redford, wamejengwa juu ya watu halisi: Robert LeRoy Parker na Harry Longabaugh, wanyang'anyi wa benki na magari ya moshi huko Marekani. Katika filamu, wanapolivamia gari la moshi kwa mara ya pili, wanatokewa na kikosi cha wapanda farasi kinachoongozwa na Joe Lefors. Hapa mwongozaji anatumia mbinu ya kuvutia sana: nyuso za wawindaji hazionekani kwa karibu. Wao ni vumbi kwa mbali, ni taa usiku, ni kofia nyeupe ya kiongozi wao. Wanaowindwa, kwa upande mwingine, wanacheka, wanataniana na wanaogopa kama binadamu yeyote. Mtazamaji humhurumia mwenye uso, na kwa hiyo sheria katika filamu hii haina wa kuililia. Hatimaye majambazi wanavuka mipaka hadi Bolivia, ambako Parker na Longabaugh wa historia wanaaminika kuuawa katika kijiji cha San Vicente mnamo Novemba 1908.

Ng'ombe, bunduki na mpaka si mandhari ya Marekani pekee. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1886 ulichora mstari kutoka pwani hadi ufuo wa mashariki wa Ziwa Viktoria, na mstari huo ukawakata Wakuria vipande viwili. Leo Isebania iko Kenya na Sirari iko Tanzania, ingawa barabara ni moja. Katika enzi ya Wilaya ya Nyanza Kusini, makao makuu yalikuwa Homa Bay. Mkuria aliyeibiwa mifugo na kutaka kumfikia mkuu wa wilaya alikuwa na safari ndefu ya kupitia Migori na Rongo, ilhali aliyemwibia alihitaji usiku mmoja tu kuuvuka mpaka.

Zamani vijana wa Kikuria waliteka ng'ombe ili wapate mahari na sifa. Baadaye wizi huo uligeuka biashara: mifugo iliyoibwa Tarime iliweza kuishia katika soko la nyama la Kenya, na silaha zilizosambaa baada ya vita vya Tanzania na Uganda vya 1978 na 1979 zikaufanya uwe wa kuua. Mwizi wa aina hii hafanani na Newman. Aliyeibiwa naye si kampuni ya reli, bali ni mtu ambaye zizi lake ndilo lililokuwa mahari ya mwanawe na karo ya bintiye.

Mwaka 1998 Wakuria wa upande wa Kenya waliunda sungusungu, mfumo wa ulinzi wa kijamii uliokuwa umeanzia miongoni mwa Wasukuma na Wanyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliuunganisha na iritongo, yaani baraza lao la jadi. Watuhumiwa walitajwa hadharani, wakahojiwa, na waliopatikana na hatia wakatozwa faini au wakatengwa na jamii. Adhabu hii ya mwisho inastahili kuzingatiwa, kwani neno ambalo Waingereza humwitia jambazi wa filamu hizi maana yake ya asili ni mtu aliyewekwa nje ya sheria, yaani asiye na haki ya kulindwa. Wizi ulipungua sana. Hata hivyo palikuwa na vipigo, na mtuhumiwa hakuwa na wakili wala rufaa. Atakayeusifu mfumo huu bila kulitaja hilo atakuwa amesimulia nusu ya kisa.

Marekani nayo ilikuwa na walinzi wa aina yake. Mwaka 1892 matajiri wa mifugo wa Wyoming, jimbo ambalo Lefors alikuja kulifanyia kazi, walikodi watu wenye bunduki kwenda Wilaya ya Johnson kuwaua waliodaiwa kuwa wezi wa ng'ombe. Huko aliyelinda alikuwa mwenye maelfu ya ng'ombe, ilhali Kuria aliyelinda aliweza kuwa na watano tu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya farasi na miguu.

Filamu ya Hill inamalizika kwa picha iliyosimama ghafla: majambazi wawili wanatoka mbio kuwakabili askari wa Bolivia, milio ya bunduki inasikika, miili haionyeshwi ikianguka. Waliofyatua ni kundi la wageni wasiowajua. Katika iritongo, mtuhumiwa alisimama mbele ya watu waliomjua kwa jina, kwa ukoo na kwa boma la baba yake.