Tuma Mtu Kabla ya Kutuma Hela

Malipo ya ufuta yakishaingia, wazazi wengi wa Ruaruke na kwingineko Kibiti hupanga safari za watoto wao. Huyu anakwenda chuo, yule anafuata kibarua Dar es Salaam. Magari ya huku yanapitia Mbagala, kwa hiyo chumba nacho kinatafutwa Mbagala, tena kwa simu. Tapeli hapo ameshapata anachokitaka: mteja mwenye fedha, mwenye haraka, na aliye mbali na mlango wa chumba.

Picha zinaletwa kwenye kundi la WhatsApp: vigae, dari safi, choo ndani, kodi ya chini kuliko ya mtaa mzima. Ukiuliza tu, unaambiwa kuna watu wengine wawili wanakitaka leo hii, tuma hela ya kushikia. Ukishatuma, simu haipokelewi tena. Picha zenyewe huenda ni za nyumba iliyo Arusha.

Kuna utapeli mwingine unaowanasa hata waliofika wenyewe, nao unaniumiza zaidi kwa sababu mtu anaamini amechukua tahadhari zote. Anakutana na "mwenye nyumba", anafunguliwa kufuli, anaingia, anapima kitanda kitakaa upande gani. Analipa. Siku ya kuhamia anawakuta wenzake wawili na magodoro yao mlangoni, kila mmoja ana karatasi ya malipo ya chumba hicho hicho. Aliyewapokea alikuwa mpangaji tu, amekaa mwezi mmoja kisha akahama usiku. Ufunguo unathibitisha kwamba mtu anaweza kufungua mlango, basi. Haumfanyi kuwa mwenye nyumba.

Kwa hiyo kabla ya shilingi kutoka, mtume mtu. Karibu kila ukoo wa huku una shangazi au binamu Mbagala. Aende mchana, bila dalali, azungumze na wapangaji wanaofua uani: kodi mnampa nani, hela ya LUKU anakusanya nani, aliyekuwa chumba hiki ameondoka lini? Kisha apite kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa, ataje jina la anayejiita mwenye nyumba. Dalali wa kweli hatakasirika. Atakayesema "ofisini kuna usumbufu, tumalizane hapa" mwacheni hapo hapo.

Kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, kwa maoni yangu, ndiyo inayomnenepesha tapeli. Sheria ya Udhibiti wa Kodi ya Nyumba ya 1984 ilifutwa mwaka 2005, hivyo muda wa malipo ni makubaliano yenu. Ombeni kuanza na miezi mitatu. Mkataba uwe na majina kamili, namba ya kitambulisho cha NIDA, kiasi, tarehe na mashahidi, na usainiwe mbele ya ofisi ya mtaa. Ukilipa kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Likitofautiana na la kwenye mkataba, usiendelee.

Hata baada ya kuhamia, utapokea ule ujumbe maarufu: mimi mwenye nyumba wako, kodi nitumie kwenye namba hii. Mpigie mwenye nyumba kwa namba unayoijua, na ule ujumbe usambaze kwenda 15040, namba iliyowekwa kuripoti matapeli wa simu.

Hela ikishatoka, dakika zina thamani. Piga huduma kwa wateja wa mtandao wako uombe muamala uzuiwe kabla hela haijatolewa kwa wakala, halafu nenda polisi na ujumbe wa malipo, namba ya tapeli na mkataba, ufungue jalada. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka 7. Wengi hunyamaza kwa aibu, na namba ile ile inaendelea kumpigia mzazi mwingine wa Kibiti.