Mapigo Mawili ya Ty Cobb

Mnamo Septemba 1910, katika moja ya mechi za timu ya besiboli ya Detroit Tigers, mchezaji Ty Cobb alipewa nafasi 3 za kupiga akapata mapigo halali 2. Mechi hiyo iliingizwa kwenye leja ya ligi, kisha ikaingizwa mara ya pili. Kosa hilo halikugunduliwa hadi 1978, pale mtakwimu Pete Palmer alipolinganisha leja na kumbukumbu za mechi moja moja. Jarida la The Sporting News lilichapisha habari hiyo mwaka 1981. Wakati huo Cobb alikuwa amekufa karibu miaka 20 kabla, na waandishi waliosimulia maisha yake walikuwa wameshanakili hesabu isiyo sahihi.

Kwa nini mapigo mawili yawashughulishe watu? Katika besiboli, wastani wa mpigaji hupatikana kwa kugawanya mapigo halali kwa nafasi za kupiga. Kwa muda mrefu Cobb alihesabiwa mapigo 4,191 katika nafasi 11,429: wastani wa 0.367. Kosa hilo na mengine madogo yaliporekebishwa, watafiti walipata mapigo 4,189 katika nafasi 11,434, yaani 0.366. Tofauti ni ndogo mno, lakini mambo mengi yameegemea hapo. Mwaka ule wa 1910 Cobb na Nap Lajoie, mpigaji wa timu nyingine, walikuwa wakigombea gari la Chalmers, zawadi ya mpigaji bora. Siku ya mwisho, mjini St. Louis, Lajoie alipata mapigo 8 katika mechi mbili, mengi yakiwa mipira ya kugusa tu, kwa sababu kocha wa wapinzani, aliyemchukia Cobb, alimwamuru mlinzi wa kituo cha tatu asimame mbali. Ligi ikamtangaza Cobb mshindi, na kampuni ikawapa wote wawili magari. Leja ikisahihishwa, Lajoie ndiye aliyeongoza.

Hata rekodi ya mapigo ya mchezaji Pete Rose, aliyempita Cobb, imeguswa. Dunia ilishangilia pigo lake la 4,192 mjini Cincinnati tarehe 11 Septemba 1985. Lakini kama Cobb alikuwa na 4,189, basi Rose alikuwa ameshampita siku tatu kabla, mjini Chicago.

Makosa kama haya yanaweza kunaswa kwa sababu jedwali la mechi ya besiboli lina hesabu zinazojikagua, mfano wa daftari la mhasibu. Kila mchezaji aliyekwenda kupiga lazima aishie mahali: ama amefunga mkimbio, ama ametolewa, ama amebaki kituoni zamu ilipokwisha. Jumla ya waliokwenda kupiga sharti ilingane na jumla ya makundi hayo matatu. Isipolingana, kuna mtu aliyesahauliwa au aliyehesabiwa mara mbili. Ila kuna jambo moja: jedwali sahihi likinakiliwa mara mbili, kila nakala italingana vizuri kabisa. Ndiyo maana kosa la 1910 lilihitaji mtu wa kuzipanga mechi moja baada ya nyingine na kuuliza kama kweli zilichezwa zote. Kazi ya aina hiyo ndiyo iliyomfanya David Smith, profesa wa biolojia wa Chuo Kikuu cha Delaware, aanzishe Retrosheet mwaka 1989 ili kukusanya kumbukumbu za kila mechi na kuzitoa bure.

Namba, hata hivyo, ndizo rahisi. Visa ndivyo vinavyosumbua. Al Stump, aliyemsaidia Cobb kuandika kitabu cha maisha yake mwaka 1961, baadaye alimchora kama mnyama, na kueneza kisa kwamba Cobb alimuua mtu barabarani mjini Detroit mwaka 1912. Kisa hicho kilinakiliwa kwa miongo. Kisha mtafiti mmoja akafanya lililopaswa kufanywa mapema: akapekua kumbukumbu za vifo vya mji huo za wakati ule, na hakuona maiti inayolingana na simulizi. Mwaka 2015 Charles Leerhsen alitoa wasifu uliopitia upya visa vya Stump, na vingi havikusimama.

Lakini kusahihisha si kumsafisha mtu. Mei 1912, mjini New York, Cobb alipanda jukwaa la watazamaji akampiga shabiki aliyekuwa akimtukana, mtu aliyepoteza vidole vyake kazini. Hilo lilishuhudiwa na maelfu na magazeti ya kesho yake yaliliandika. Lazima libaki kwenye wasifu.

Ushahidi unapokuwa mchache, uadilifu unapimwa zaidi. Mpigaji Josh Gibson, mzaliwa wa Georgia kama Cobb, alifungiwa mlango wa ligi kuu kwa sababu ya rangi yake, na alifariki Januari 1947, miezi mitatu kabla mchezaji mweusi Jackie Robinson hajaingia katika ligi hiyo. Mechi zake ziliandikwa zaidi na magazeti ya Wamarekani weusi, kama Pittsburgh Courier na Chicago Defender. Watafiti walikaa na mikrofilamu miaka mingi wakizikusanya. Mei 2024 ligi kuu iliziingiza takwimu za ligi za weusi za 1920 hadi 1948 katika vitabu vyake, na Gibson, kwa 0.372, akamshusha Cobb kutoka kileleni. Kamati iliyoshughulikia kazi hiyo ilikadiria kuwa karibu robo tatu ya kumbukumbu ndizo zilizopatikana. Kwa maoni yangu, wasifu wa Gibson usiotaja robo iliyokosekana haujakamilika, kwa kuwa robo hiyo ilipotea kutokana na ubaguzi uleule uliomfungia mlango.

Ligi kuu yenyewe bado inampa Cobb mapigo 4,191. Tovuti ya takwimu ya Baseball-Reference inampa 4,189. Basi wewe unayerekebisha wasifu wake mtandaoni, usichague namba moja ukaificha nyingine. Ziandike zote mbili, useme kila moja imetoka wapi na kwa nini zinatofautiana, na kisa cha mauaji ukitaje pamoja na matokeo ya kumbukumbu za Detroit.