Ajali ya Kituku katika darasa la sheria ya jinai

Masomo ya uzamili katika sheria ya jinai humpa mwanasheria kazi tofauti na ile aliyoizoea katika shahada ya kwanza. Kule alijifunza makosa yameandikwa wapi, adhabu zake ni zipi na mahakama gani husikiliza nini. Huku anawekewa tukio moja lenye pande nyingi, naye anatakiwa kuonyesha sheria inatosha wapi, inapwaya wapi, na jinsi mwenendo wa kesi unavyoweza kuokoa haki ya mtu au kuipoteza. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo masomo hayo sasa yamo katika mfumo wa LMD, yaani lisansi, masta na udaktari. Masta ni miaka miwili yenye krediti 120, na huishia kwenye tasnifu. Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, ina vitivo vya sheria, kikiwemo cha Chuo Kikuu cha Goma na cha Chuo Kikuu Huru cha Nchi za Maziwa Makuu (ULPGL).

Kwa mwanafunzi wa mji huo, tukio la kuchambua halitafutwi mbali. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova katika Kivu Kusini ikiwa imejaa watu na mizigo, ilizama katika Ziwa Kivu karibu kabisa na bandari ya Kituku mjini Goma, watu waliokuwa ufukweni wakiona. Gavana wa Kivu Kusini, Jean-Jacques Purusi, alitaja abiria 278 na waliokufa wasiopungua 78. Vita na waasi wa M23 vilikuwa vimekata barabara ya Goma na Minova, hivyo safari na bidhaa za soko zilizokuwa zikipita nchi kavu zilihamia ziwani.

Waliofiwa husema boti iliyojazwa kupita kiasi ni mauaji, na uchungu wao unaeleweka. Sheria, hata hivyo, huanza kwa kuuliza kama kulikuwa na nia. Kanuni ya Adhabu ya Kongo, iliyotokana na dekreti ya tarehe 30 Januari 1940, inamgusa katika kifungu cha 52 mtu aliyesababisha madhara kwa kukosa uangalifu au tahadhari, bila kukusudia kumdhuru mwenzake. Iwapo madhara hayo ni kifo, kifungu cha 53 kinaweka kifungo cha miezi mitatu hadi miaka miwili, pamoja na faini. Miaka miwili ndiyo kilele, awe amekufa abiria mmoja au wamekufa makumi.

Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika mambo ni mengine. Tanzania, iliyopoteza watu zaidi ya 220 katika kuzama kwa kivuko cha MV Nyerere Septemba 2018, ina kosa la kuua bila kukusudia ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mwanafunzi wa uzamili hulinganisha sheria hizo mbili bila kukimbilia kusema kali ndiyo bora. Katika suala hili lakini ni vigumu kuitetea miaka miwili. Adhabu iliyopangwa mwaka 1940 haiwezi kumtisha mfanyabiashara anayepima faida ya kuongeza abiria mia. Bunge likiipandisha leo, adhabu mpya haitawapata waliotenda jana, kwa kuwa kifungu cha 17 cha Katiba ya 2006 hakiruhusu mtu kupewa adhabu kali kuliko ile iliyokuwepo siku ya kosa.

Kifungu hichohicho cha 17 kinasema dhima ya jinai ni ya mtu binafsi, na hapo ndipo uchambuzi unapokuwa mgumu. Nahodha alishika usukani, lakini huenda aliamriwa kuondoka. Mwenye boti hakuwemo majini, ila ndiye aliyepokea nauli. Kuna mkaguzi wa gatini, na kuna aliyetia sahihi karatasi ya safari. Kwa kila mmoja lazima ithibitishwe kwamba alikuwa na wajibu, hakuutimiza, na uzembe wake ndio uliochangia vifo. Karatasi ya majina ya abiria hapo huwa na thamani kubwa: ikiwa majina yaliyoandikwa ni machache kuliko watu waliopanda, inaonyesha kilichojulikana kabla ya safari, na pia inaeleza kwa nini familia fulani itahangaika kuthibitisha kwamba ndugu yao alikuwemo. Familia hiyo inaweza kujiunga na kesi ya jinai kama upande unaodai fidia, ikitegemea vifungu vya 258 hadi 260 vya sheria ya madai, ambavyo humfikia hata mwajiri kwa kosa la aliyemwajiri.

Mwenendo wa kesi una kanuni yake, dekreti ya tarehe 6 Agosti 1959. Polisi hawaruhusiwi kumshikilia mtu zaidi ya saa 48, kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Katiba. Hati ya muda ya kukamata, inayotolewa na mwendesha mashtaka wa parke, yaani ofisi ya mashtaka ya umma, inadumu siku tano. Baada yake ni jaji anayeamua kumweka mtu kizuizini, siku 15 kwanza, kisha mwezi mmoja mmoja. Katiba inadai pia kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu katika lugha anayoielewa. Goma shahidi husimulia kwa Kiswahili na karani akaandika kwa Kifaransa, kwa hiyo wakili mzuri hudai maelezo yasomwe upya kwa Kiswahili kabla ya shahidi kutia sahihi.

Suala la mahakama limegawa wanasheria. Kosa lenye adhabu isiyozidi miaka mitano kwa kawaida ni la Mahakama ya Amani. Lakini hali ya dharura ya kijeshi iliyoanza Kivu Kaskazini na Ituri tarehe 6 Mei 2021 ilihamishia kesi za jinai za raia kwenye mahakama za kijeshi, ilhali kifungu cha 156 cha Katiba kwa kawaida kinazielekeza mahakama hizo kwa wanajeshi na polisi, ingawa kinaruhusu uhamisho wa namna hiyo wakati wa vita au hali ya dharura. Anayeandika tasnifu kuhusu ajali ya ziwani hana budi kuangalia kwanza ni amri ipi iliyokuwa na nguvu siku ya tukio.

Kisha kuna ukomo wa muda. Kwa kosa lenye adhabu ya juu inayozidi mwaka mmoja lakini isiyozidi miaka mitano, haki ya kushtaki hufa baada ya miaka mitatu, isipokuwa hatua za upelelezi ziwe zimechukuliwa kabla ya hapo, ambazo huanzisha hesabu upya. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliingia Goma, na mahakama na parke za serikali mjini humo zikasimama. Je, miaka mitatu inaendelea kuhesabiwa pale ambapo hakuna ofisi ya kupokea mashtaka? Wanasheria wanayo kanuni ya kale inayosema muda haumhesabikii asiyeweza kuchukua hatua, na swali ni kama inaweza kutumika katika jinai, ambako ukomo humlinda mshtakiwa. Anayefanya masta ya jinai akitokea Goma ana hapo mada ya tasnifu ambayo familia za waliozama Kituku zinahitaji ijibiwe.