Sauti yafichua kilichositiriwa na maandishi

MCHEZAJI wa michezo ya kuigiza kwenye intaneti hujivika umbo la mtu mwingine: mchawi, shujaa au hata jitu. Roy Trubshaw alipoanza kuunda mchezo wa MUD mnamo 1978 katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, wachezaji waliwasiliana kwa maandishi pekee.

World of Warcraft, uliozinduliwa 2004, ulikuja na vita vikubwa. Vikosi vya hadi wachezaji 40 vilimkabili joka Onyxia, na aliyeacha kupigana ili aandike onyo aliweza kuwaponza wenzake. Wengi walikimbilia programu za sauti kama vile Ventrilo na TeamSpeak. Mnamo 2007, mchezo wenyewe ukawekewa sauti.

Hata hivyo, Richard Bartle, aliyeshirikiana na Trubshaw kuunda MUD, alikuwa ameonya mwaka 2003 kwamba sauti ingevuruga ulimwengu huo wa kubuni. Sauti hufichua umri, jinsia na lafudhi. Mwanamke aliyetiiwa kama kamanda huenda akaanza kudhihakiwa punde anapofungua kinywa, naye asiyesikia huachwa nje.

Busara, basi, ni sauti itumike vitani na maandishi katika maigizo, bila yeyote kushurutishwa kuzungumza.