Kamera ya macho mawili na miembe ya Tabora

Mwaka 1860 wasafiri wawili kutoka Uingereza, Speke na Grant, walitoka Unguja kufuata njia ya misafara hadi Kazeh, ndiyo Tabora ya leo. Grant alichukua kamera. Kabla hawajafika mbali na pwani, Speke aliirudisha, akihofia kuwa joto la kihema cha kusafishia picha lingemuua mwenzake. Grant akaendelea na safari kwa kuchora.

Ndugu msomaji, nimekikumbuka kisa hicho baada ya kijana mmoja mpiga picha kuniuliza swali. Anataka slaidi zenye kina za Tembe la Livingstone pale Kwihara, na za miembe mikongwe ya njia ile kabla haijaanguka yote. Je, anunue kamera gani?

Macho yetu yameachana kama sentimita sita na nusu. Kila jicho huona tofauti kidogo, na ubongo huunganisha. Kamera ya stereo ina lenzi mbili, hupiga picha mbili kwa mara moja. Slaidi hizo hutazamwa kwa chombo chenye matundu mawili, mfano wa ile View-Master ya watoto.

Inayosifiwa sana ni Stereo Realist ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1947. Lenzi zake zimeachana sentimita saba, haihitaji betri, na hutumia filamu ya kawaida ya milimita 35. Lakini haitengenezwi tena. Utapata iliyotumika tu. Basi hakikisha lenzi zote mbili hazina ukungu na zinafunguka na kufunga pamoja. Piga filamu moja ya majaribio kabla ya kumaliza kulipa.

Kamera ya View-Master ya mwaka 1952 hutoa jozi 69 kwa filamu moja, lakini vipicha vyake vidogo vinahitaji kikatio maalumu. Kama huuziwi na kikatio, iache.

Swali kubwa ni lile lililomshinda Grant: nani atasafisha? Filamu ya slaidi haisafishwi kwa dawa za negativu. Mpate fundi kwanza, kamera baadaye.

Na kama fedha ni chache, kumbuka kwamba mwembe hautembei. Chukua kamera yako ya kawaida, piga, isogeze kulia sentimita sita au saba bila kuigeuza, piga tena. Fanya hivyo asubuhi, upepo ukiwa umetulia, na pasiwe na mtu anayepita. Kitu cha karibu kiwe kama mita mbili kutoka kwako. Mandhari ya mbali peke yake hutoka bapa.

Ukiridhika na jozi kumi za namna hiyo, ndipo utafute ya macho mawili. Ukichelewa kwa kusubiri kamera, huenda utakuta kisiki.